Tegu wa nguruwe: Mnyoo anayeshambulia ubongo, macho na msimamo wa mwili

MTU anapoanza kuyumba akitembea, kuona vitu viwili badala ya kimoja au kuanguka ghafla na kutokwa povu, ndugu wengi hufikiria kwanza mapepo, laana au ulevi. Katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, utafiti wa zaidi ya miaka 20 umeonyesha kuwa kwa baadhi ya wagonjwa chanzo ni kitu kinachoonekana kwenye picha ya ubongo, kinachotibika na ambacho kingeweza kuzuiwa kwa choo na sabuni.

Chanzo hicho ni tegu wa nguruwe, ambaye wanasayansi humwita Taenia solium. Viluwiluwi vyake vinapojenga vifuko ndani ya ubongo wa binadamu, husababisha ugonjwa unaojulikana kitaalamu kama nyurosistisekosisi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ugonjwa huu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kifafa vinavyoweza kuzuilika, na katika nchi ambako nguruwe huzurura karibu na makazi ya watu huhusishwa na takriban asilimia 30 ya kifafa chote. Shirika hilo linakadiria kuwa watu kati ya milioni 2.56 na milioni 8.30 duniani wanao, wakiwamo wenye dalili na wasio nazo.

Kata ya Endagikot, iliyopo katika Halmashauri ya Mji wa Mbulu, ni sehemu ya ukanda huo wa milima ambako kilimo cha mahindi na maharage huenda sambamba na ufugaji. Kwa familia nyingi za Mbulu na wilaya jirani ya Hanang, nguruwe ni akiba ya haraka: huzaa wengi, hula mabaki ya chakula na huuzwa kwa urahisi ada ya shule inapohitajika. Hapo ndipo ugumu wa tatizo hili ulipo, kwa kuwa mnyama anayesaidia kulipa ada ndiye anayeweza kubeba ugonjwa unaomfanya mtoto ashindwe kusoma.

Mnyoo mmoja, magonjwa mawili

Watu wengi huchanganya magonjwa mawili tofauti yanayosababishwa na mnyoo huyu, na mchanganyiko huo ndio unaowafanya wasiokula nyama ya nguruwe kujiona wako salama.

Ugonjwa wa kwanza humpata mtu anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya mnyoo ambayo haikuiva vizuri. Kifuko hufunguka tumboni, kichwa cha mnyoo hujishika kwenye ukuta wa utumbo, na tegu hukua hadi kufikia urefu wa mita kadhaa. Mwenye tegu huyu mara nyingi hana dalili kubwa, pengine maumivu kidogo ya tumbo au vipande vyeupe bapa kwenye choo. Hata hivyo, kila kipande kinachokatika huweza kuwa na maelfu ya mayai.

Ugonjwa wa pili, ambao ndio wa hatari, hautokani na kula nyama. Hutokana na kumeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono isiyonawiwa, mboga mbichi au maji machafu. Mayai huanguliwa tumboni, viluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu, kisha hutua katika misuli, macho au ubongo. Huko hujenga vifuko vyenye maji, kwa kawaida vyenye ukubwa wa kati ya milimita 5 na 10.

Nguruwe naye huambukizwa kwa njia hiyo hiyo ya pili, anapokula kinyesi cha binadamu au chakula kilichochafuliwa nacho. Hivyo mzunguko hukamilika: mtu humwambukiza nguruwe, nguruwe humwambukiza mtu, na mtu mwenye tegu humwambukiza mtu mwenzake bila nguruwe kuhusika tena.

Ushahidi wa jambo hilo ulionekana wazi mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika jiji la New York, nchini Marekani, ambako Wayahudi wa madhehebu yanayokataza kabisa nyama ya nguruwe waligundulika kuwa na vifuko kwenye ubongo. Uchunguzi ulihusisha maambukizi hayo na watumishi wa nyumbani waliokuwa na tegu bila wenyewe kujua. Somo kwa Mwislamu, Msabato au mtu yeyote asiyegusa kitimoto ni kwamba kinga yake haiko kwenye sahani peke yake, bali pia kwenye mikono ya anayemwandalia chakula.

Mbulu katika ramani ya utafiti

Sifa ya Mbulu katika elimu ya ugonjwa huu imetokana kwa kiasi kikubwa na Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway na ambayo kwa sasa ipo chini ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Hospitali hiyo huhudumia Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wanyiramba na jamii nyingine za eneo hilo.

Katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, daktari bingwa wa mfumo wa fahamu, Andrea Winkler, akishirikiana na Erich Schmutzhard wa Innsbruck, nchini Austria, William Matuja wa Muhimbili na wenzao wengine, alifanya tafiti kuhusu kifafa katika eneo la Haydom. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja katika kila watu 100 alikuwa na kifafa, kiwango kilicho juu kuliko kile cha nchi tajiri.

Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka huo huo, wagonjwa 212 wa kifafa walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya CT. Kati yao, 38, sawa na karibu asilimia 18, walikuwa na alama zinazothibitisha au kuashiria kwa nguvu vifuko vya tegu. Kwa maneno mengine, karibu mgonjwa mmoja kati ya kila sita alikuwa na chanzo ambacho kisingeweza kujulikana kwa kumtazama tu.

Upande wa mifugo, Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzake walichapisha mwaka 2004 matokeo ya uchunguzi wa nguruwe katika vijiji vya Wilaya ya Mbulu. Kwa kupapasa na kutazama ndimi za nguruwe 770 walio hai, walikuta vifuko kwa asilimia 17.4. Kwa kuwa kipimo cha ulimi hukosa nguruwe wengi wenye maambukizi madogo, kiwango halisi kilikuwa juu zaidi. Ufugaji huria na uchinjaji wa nyumbani usiopitia kwa mkaguzi wa nyama ni kati ya mambo yanayoendeleza maambukizi hayo.

Jinsi macho na msimamo wa mwili vinavyoathirika

Dalili hutegemea idadi ya vifuko, mahali vilipo na jinsi mwili unavyopambana navyo. Kifuko kilicho hai kinaweza kukaa miaka kadhaa bila kumsumbua mtu, kwa sababu mnyoo hujificha dhidi ya kinga ya mwili. Taabu huanza kifuko kinapozeeka na kufa: kinga hukigundua, ubongo unaokizunguka huvimba, na hapo hutokea mishtuko ya kifafa na maumivu makali ya kichwa.

Kifafa ndiyo dalili inayojulikana zaidi, lakini si pekee. Ndani ya ubongo vipo vyumba vinavyopitisha maji maalumu. Kifuko kikiingia humo kinaweza kuziba njia kama kizibo cha chupa. Maji hujaa, shinikizo ndani ya fuvu hupanda, na mishipa ya fahamu ya macho huvimba mahali inapoingia kwenye jicho. Mgonjwa huanza kuona giza la sekunde chache anapoinama au kuinuka, kisha ukungu, na hali ikiachwa muda mrefu mishipa hiyo hufa na upofu unakuwa wa kudumu.

Chumba cha nne cha ubongo kipo jirani na ubongo wa nyuma, sehemu inayoratibu mwendo na msimamo wa mwili. Kifuko kilichokaa hapo kinaweza kuelea, na kila kichwa kinapogeuzwa ghafla huziba njia ya maji. Mgonjwa hupata kizunguzungu kikali, hutapika, huona vibaya na pengine huanguka na kupoteza fahamu, kisha hupata nafuu anapolala vizuri. Hali hiyo hujulikana kwa jina la Bruns, daktari wa Kijerumani aliyeieleza. Kwa jirani asiyejua, mtu huyo huonekana kama anayeigiza au aliyerogwa.

Aidha, mnyoo anaweza kukaa ndani ya jicho lenyewe. Mgonjwa huona kivuli kinachoelea, na daktari wa macho anaweza kumwona mnyoo akijikunjua nyuma ya mboni. Kifuko kikifia humo, uvimbe unaofuata unaweza kuliharibu jicho.

Si kila anayeyumba ana tegu

Wataalamu wanatahadharisha dhidi ya kumhukumu tegu kwa kila kizunguzungu. Dawa za kifafa zenyewe, hasa fenitoini na kabamazepini, zikizidi kiwango humfanya mtu aone vitu viwili viwili, macho yachezecheze na miguu ikose uthabiti. Mgonjwa wa kifafa aliyeanza kuyumba wiki chache baada ya kuongezewa dozi anahitaji kwanza kupimwa upya kiwango cha dawa yake. Hatari ni pale ndugu wanapoiachisha dawa ghafla, kwani mishtuko mfululizo isiyokoma inaweza kuua.

Kifua kikuu cha ubongo na maambukizi yanayoambatana na upungufu wa kinga mwilini huweza pia kuonekana kwenye picha kama uvimbe mdogo unaofanana na kifuko.

Tanzania pia ina kumbukumbu za magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu yanayogusa mwendo au macho. Mwaka 1985, wilayani Tarime, mkoani Mara, ulizuka ugonjwa wa konzo, unaokakamaza miguu ghafla kwa watu wanaokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Jijini Dar es Salaam, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa macho walibaini vijana wengi waliopungukiwa uwezo wa kuona kwa macho yote mawili kutokana na kuharibika kwa mishipa ya fahamu ya macho, baadhi yao wakiwa pia na ganzi ya miguu. Na huko Mahenge, wilayani Ulanga, daktari Louise Jilek-Aall alianza karibu mwaka 1960 kuwahudumia wagonjwa wa kifafa, wakiwamo watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara. Kifafa cha huko sasa huhusishwa na mnyoo mwingine, yule wa usubi.

Hatua mpya katika utambuzi

Kipimo kinachoaminika zaidi ni picha ya ubongo kwa mashine ya CT au MRI. Picha ya CT huonyesha vizuri vifuko vilivyokufa na kugeuka chokaa, wakati MRI huonyesha zaidi vilivyo hai na vilivyojificha ndani ya vyumba vya ubongo. Tatizo ni kwamba mashine hizo zipo katika hospitali kubwa, na nauli pekee inaweza kumshinda mkulima.

Kwa sababu hiyo, watafiti wamekuwa wakijaribu vipimo vya haraka vya damu vinavyoweza kufanyika katika vituo vidogo. Kimoja kati ya hivyo kimetathminiwa katika hospitali za kusini mwa Tanzania. Lengo lake si kuchukua nafasi ya picha, bali kuwachuja wagonjwa ili wenye uwezekano mkubwa wa kuwa na vifuko hai ndio wasafirishwe kwanza. Kifuko kimoja au vilivyokwisha kufa huweza kukwepa vipimo vya damu, kwa hiyo jibu la kutokuwa na ugonjwa halimalizi uchunguzi.

Tiba: Dawa si za kukurupukia

Mwaka 2021 WHO ilitoa mwongozo wake kuhusu tiba ya vifuko vilivyo katika nyama ya ubongo. Kwa vifuko vilivyo hai, dawa za kuua minyoo hutolewa pamoja na dawa za kupunguza uvimbe za jamii ya steroidi, huku mgonjwa akiendelea na dawa za kifafa. Utafiti uliofanyika Peru na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kwa wenye vifuko vingi, albendazo na prazikwanteli zikitolewa pamoja huua vifuko vingi zaidi kuliko albendazo peke yake.

Hata hivyo, dawa hizo hizo zinaweza kuwa sumu zikitolewa vibaya. Kuua vifuko vingi kwa mara moja huleta uvimbe. Kwa mgonjwa ambaye ubongo wake tayari umevimba au maji yamejaa, shinikizo hilo linaweza kumuua, hivyo hutakiwa kwanza kupunguziwa shinikizo. Vilevile, macho hupaswa kuchunguzwa kabla ya tiba, kwa kuwa dawa ikimuua mnyoo aliye ndani ya jicho, mgonjwa anaweza kupona kichwa na kupoteza uwezo wa kuona. Kununua albendazo dukani na kujitibu kifafa ni hatari. Kwa upande mwingine, vifuko vilivyokwisha kuwa chokaa havihitaji dawa ya minyoo, bali kudhibiti kifafa.

Tahadhari hiyo inagusa pia kampeni za kugawa prazikwanteli kwa ajili ya kichocho. Mahali ambapo kichocho na tegu hukutana, wanaogawa dawa wanapaswa kuwauliza walengwa kama wana historia ya kifafa au maumivu makali ya kichwa, na kuwa tayari kuwahudumia watakaopata mshtuko.

Kwa kifuko kilichoziba vyumba vya ubongo, upasuaji umebadilika sana. Badala ya kufungua fuvu kwa upana, daktari huweza kupitisha bomba jembamba lenye kamera na kukitoa. Ikishindikana, huwekwa mpira wa kupeleka maji ya ubongo tumboni. Nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na Hospitali ya Bugando ni kati ya zinazofanya upasuaji wa kupunguza maji kwenye ubongo. Kinachoamua hatima ya macho ni muda: shinikizo likiondolewa mapema, uwezo wa kuona huokolewa, lakini mshipa uliokufa haufufuki.

Chanjo ya nguruwe na funzo la Peru

Maendeleo makubwa zaidi huenda yametokea bandani. Chanjo iitwayo TSOL18, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, humkinga nguruwe asipate maambukizi mapya. Kwa kuwa haiui vifuko vilivyokwisha kukaa mwilini, hutolewa pamoja na dawa ya oksifendazo. Jaribio la Kameruni lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha kuwa mchanganyiko huo ulizuia kabisa maambukizi kwa nguruwe waliopewa. Majaribio mengine yamefanyika Tanzania na Nepal.

Nchini Peru, katika mkoa wa Tumbes, watafiti waliwatibu watu na nguruwe kwa pamoja na kuwachanja nguruwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa maambukizi yalikatika katika vijiji 105 kati ya 107. Hiyo ilikuwa ithibati kwamba tegu wa nguruwe anaweza kuondolewa katika eneo zima, mradi idara za afya na za mifugo zifanye kazi pamoja.

Kikwazo ni gharama. Nguruwe aliyechanjwa hamletei mfugaji bei kubwa zaidi, na kwa macho ya kawaida nguruwe mwenye vifuko huonekana mzima. Mfugaji anayemwita mkaguzi hujihatarisha kupoteza mnyama mzima, ilhali anayechinja kwa siri hapotezi kitu. Pasipo fidia au soko linalothamini nyama salama, sheria peke yake huusukuma uchinjaji vichakani.

Kinga iliyo mikononi mwa familia

Mbulu yenyewe imetoa somo kuhusu elimu. Jaribio la elimu ya afya lililofanyika wilayani humo na kuchapishwa mwaka 2008 lilipunguza maambukizi mapya kwa nguruwe, na ulaji wa nyama yenye vifuko ulipungua kwa takriban asilimia 20 kwa mujibu wa maelezo ya wanakaya. Hata hivyo, ujenzi wa mabanda na vyoo haukubadilika kwa kiasi kilichotarajiwa. Maarifa hufika haraka kuliko mbao na saruji.

Hatua zinazopendekezwa na wataalamu ni hizi:

Kwanza, kila kaya iwe na choo kinachofungwa ili nguruwe asiingie, na kitumike na wote wakiwamo watoto.

Pili, nguruwe wafugwe bandani mwaka mzima, si wakati wa mazao shambani pekee.

Tatu, nyama ikaguliwe. Yenye punje nyeupe zinazofanana na mchele uliovimba isiuzwe wala kuliwa. Nyama ya kuchoma ikatwe vipande vidogo na iive hadi ndani pasibaki wekundu.

Nne, mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kuandaa chakula, na mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji safi.

Tano, anayeona vipande vya tegu kwenye choo aende kituo cha afya. Hutibika kwa dawa chache, na kumtibu yeye ni kuwakinga wote wanaokula chakula anachopika.

Mgonjwa anayepata mshtuko asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Aondolewe karibu na moto, alazwe ubavu na asubiriwe. Mshtuko ukizidi dakika tano, au ukirudia kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Kadhalika mtu mwenye maumivu ya kichwa yanayoambatana na kutapika, kuona ukungu au kuyumba anapaswa kuchunguzwa macho na ubongo bila kusubiri.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu wala kwa kumshika anayeanguka. Pale mtoto wa Endagikot anapotengwa darasani kwa hofu hiyo, hupoteza elimu kwa sababu ya imani isiyo na msingi, huku mayai ya mnyoo yakiendelea kusambaa kupitia mikono ambayo hakuna aliyeitilia shaka.